Mdogo wangu hana bandama, na malaria kwake siyo ile tuliyoizoea

Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda, bandama ikapasuka, damu ikawa inavujia tumboni na daktari akasema hapa hakuna namna, inatolewa. Kidonda kikafunga, tukaruhusiwa, tukarudi zetu Muheza tunamshukuru Mungu. Ila hakuna aliyetukalisha chini akatuambia huyu kijana kuanzia leo anaishije huku kwenye mbu, na najua kuna familia nyingi ziko hivyohivyo ndo maana naandika.

Sisi malaria tumekua nayo. Ukishakuwa mtu mzima kwetu unaumwa kichwa na viungo, unameza mseto, kesho kutwa uko shambani. Sasa miezi kama saba baada ya operesheni dogo akaanza homa Ijumaa jioni, mama akasema alale tu Jumatatu ataenda zahanati. Jumamosi usiku alikuwa anaongea vitu havieleweki. Tukakodi gari tukamkimbiza, akaanzishiwa sindano za artesunate, wadudu walikuwa wengi mpaka yule dada wa maabara akaenda kumuita mwenzie waangalie wote.

Mimi kilichoniumiza kichwa ni hiki, mtu kazaliwa hapa kakulia hapa, kinga yake imeenda wapi? Nikauliza sana mpaka daktari mmoja akakaa na mimi akanielewesha. Bandama iko kushoto chini ya mbavu, kubwa kama ngumi hivi, na damu ikipita mle seli nyekundu inabidi zijipenyeze kwenye vinjia vyembamba mno. Seli nzima ni laini, inajikunja inapita. Yenye kimelea, yaani mdudu wa malaria, inakuwa ngumu, inakwama, inaliwa palepale. Na saa nyingine bandama inakichomoa kimelea peke yake, seli inaachiwa iendelee na safari, hiyo ilinishangaza kweli. Halafu mlemle ndo chembe nyeupe zinajifunza kumtambua mdudu na kutengeneza kingamwili. Kwa hiyo ile kinga ya ukubwani tunayoitegemea huku, sehemu yake kubwa ilitolewa siku ile na bandama. Kingamwili za zamani hazikufutika zote, lakini chujio halipo.

Hata alipoanza kupata nafuu, anakula, anaongea vizuri, vipimo bado vinaonyesha wadudu, tukajua dawa imegoma. Kumbe bila bandama hata wadudu waliokwishakufa wanabaki kwenye damu muda mrefu zaidi maana hakuna wa kuwaondoa haraka.

Sasa kama ndugu yako katolewa bandama shika haya. Homa ni siku hiyohiyo hospitali, hata kama ni saa nane usiku, na neno la kwanza mkifika ni "mgonjwa hana bandama", msingoje kuulizwa. Malaria isipoonekana msikubali kurudi nyumbani kirahisi, sababu bakteria za nimonia na homa ya uti wa mgongo nazo zinamshambulia vibaya mtu wa hivi na zinaua ndani ya siku moja mbili. Kuna chanjo zake, ulizeni, kama operesheni imepangwa inapendeza achanjwe wiki mbili kabla, kama ilikuwa ya dharura kama yetu basi achanjwe baadaye, sisi tulichelewa sana. Muulizeni daktari pia kuhusu dawa ya kukinga malaria, na chandarua ni kila usiku hata kiangazi. Wazazi wenye watoto wa selimundu na nyie hii inawahusu, bandama ya mtoto wa selimundu mara nyingi inakufa yenyewe miaka ya mwanzo, zile dawa za kila siku anazopewa kliniki msizikatishe.

Na kuna upande mwingine, watoto wetu wenye bandama kubwa. Mimi nina chale tatu ubavu wa kushoto, bibi alinichanja nikiwa mdogo maana tumbo lilikuwa limevimba na kwetu bandama inahesabiwa ni ugonjwa. Bibi alinipenda na alifanya alichokijua. Lakini bandama inavimba kwa sababu inapigana na malaria inayojirudia, zamani wataalamu walikuwa wanapapasa matumbo ya watoto kujua malaria imekaa kiasi gani eneo hilo, na kwenye mkutano wa WHO Kampala mwaka 1950 wakakubaliana kabisa kwamba pakiwa na watoto zaidi ya 75 katika 100 wenye bandama iliyovimba hapo ni daraja la juu kuliko yote. Kwa hiyo usimchanje chale, usimkande wala kumminya tumbo, bandama iliyovimba inapasuka kirahisi na akianza kuvuja damu ndani mtampoteza. Mpeleke apimwe malaria na apigwe ultrasaundi, maana kichocho cha tumbo nacho kinaivimbisha.

Dogo sasa hivi yuko vizuri, anaendesha bodaboda yake. Kwenye waleti nimemuwekea karatasi nimeandika kwa wino mwekundu: SINA BANDAMA, NIKIWA NA HOMA NIPELEKENI HOSPITALI SASA HIVI, na chini yake namba ya mama.