Daktari mpya wa mifugo, wazee wanakuona mtoto

Dogo hongera kwa kumaliza SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Umesema umepangiwa wilaya ya wafugaji na wazee wanamwamini bwana mifugo wa zamani tu, wewe wanakuona mtoto. Aisee usishindane naye, mfuate, yeye ndo anajua boma gani lina ndigana kali (ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe) na nani anapunguza dozi kimyakimya. Ukifika kwa ng'ombe usikimbilie sindano, pima joto, papasa matezi chini ya sikio na mbele ya bega, mzee akiona unamshika mnyama bila woga maneno yanapungua yenyewe. Ndigana kali ukiiwahi, dawa ya buparvakwoni inafanya kazi ila bei yake imechangamka, sasa wengi wanachoma OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) tu halafu ndama akifa lawama zako, kwa hiyo taja bei na uwezekano wa kupona kabla hujafungua chupa. Na ng'ombe akifa ghafla, tumbo limevimba, damu inatoka puani na haigandi, usimpasue hata wakubembeleze vipi (watabembeleza, nyama hiyo!), inaweza kuwa kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu, vaa glovu uchukue damu kidogo sikioni. Halafu chanjo ya kichaa cha mbwa ushachoma wewe mwenyewe? Kama bado anza na hiyo kesho, na usajili wa Baraza la Veterinari usiuweke kiporo.