Achana na kumeza dikshenari, anza na "get"

Kuna dogo wa chuo cha utalii kaniandikia inboksi juzi, anasema bro nimekariri msamiati mpaka basi lakini mzungu akifungua mdomo natoka kapa, wewe wa shule ya kata uliwezaje? Hilo la shule ya kata limenichoma kidogo ila nimezoea, kwenye kozi ya kuongoza watalii kuna mwalimu alikuwa ananiita "yes no" mbele ya darasa zima. Leo wageni wanaulizia jina langu kabla hawajabuki Kilimanjaro.

Haya, kilichonitoa mimi ni get. Shuleni tuliambiwa ni kupata, basi, ukibaki hapo umekwisha. Siku moja tunatoka kambi ya Mandara kwenda kambi ya Horombo kule mlimani, mama wa Kiingereza anahema nyuma yangu: "I'm getting tired. When do we get there? Did you get that?" Hapo hakuna anayepata kitu! Ya kwanza anaanza kuchoka, ya pili anauliza tutafika lini, ya tatu kama nimemwelewa. Usiku nikaziandika zote, nikaongeza get up (kuamka), get off (kushuka), get married (kuoa au kuolewa), na get paid (kulipwa) ambayo ndo tamu kuliko zote.

Baadaye nikafukunyua asili yake. Kumbe ni geta, neno la wale Vikings wa Skandinavia walioanza kuvamia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, wakapora weee, halafu wengine wakanogewa wakahamia kabisa, wakalima, wakaoa, lugha zikachanganyikana. Take nayo ni yao. Waingereza walikuwa na ndugu yake get toka zamani, bado kajificha ndani ya forget. Na Mmarekani akisema gotten badala ya got usimcheke, hilo ni umbo la zamani la Uingereza kwenyewe, Waingereza ndo waliliacha.

Sasa dogo, sikiliza kinachofuata baada ya get. Ikifuata sifa kama tired au cold, maana yake kuwa. Ikifuata mahali, kufika. Ikifuata kitu, kupata au kuchukua. Sikiliza tu, narudia, sikiliza. Vijana mnapenda maneno marefu ya kwenye mtihani halafu kuongea mnaona aibu, aibu ya nini? Mgeni mwenyewe Kiswahili chake ni jambo na hakuna matata, na anakipayuka njia nzima mpaka geti la Marangu.