Kusoma udaktari Ulaya "kwa Kiingereza": Italia ilivyokuwa kwangu

Dogo umeuliza kama kweli mtu wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) asiye na mzazi mwenye hela anaweza kusoma udaktari chuo cha serikali Ulaya kwa Kiingereza. Jibu ni ndio, mimi mwenyewe nimemaliza Italia miaka 6, na baba yangu ni mkulima wa kahawa Mbinga. Ila hilo neno "kwa Kiingereza" nitalirudia huko chini maana ndo lilinipiga chenga.

Mlango ni mtihani wa kujiunga na udaktari unaitwa IMAT. Vyuo vya umma kama Milano, Pavia, Bologna, Padova, Roma, Napoli na Bari vyote vinapokea kwa huo mmoja, maswali 60 dakika 100, baiolojia na kemia ndo zimebeba mzigo mkubwa halafu fizikia na hesabu, mantiki kidogo. Ukipata swali unapewa pointi 1.5, ukikosa unakatwa 0.4, ukiacha sifuri. Piga hesabu mwenyewe: majibu ni matano, ukibahatisha kipofu hupati kitu, ila ukishafuta mawili yasiyowezekana jaza tu, mimi niliacha wazi maswali mengi kwa uoga mwaka wa kwanza nikakosa kwa pointi chache mno, nikarudia mwaka uliofuata. Na sisi wa nje ya Umoja wa Ulaya tuna nafasi zetu zimetengwa kila chuo, na wakati wangu ulikuwa unachagua chuo kimoja tu, kwahiyo angalia alama za miaka ya nyuma kwanza usikimbilie jina la mji.

Hela sasa. Ada inapangwa kwa kipato cha familia, sio bei moja kwa wote. Familia ikiwa ya chini unabaki na kodi ya mkoa na stempu ya yuro 16, na ukiomba ufadhili wa mkoa mapema unaweza kupata hela ya kujikimu, chakula cha kantini na hata chumba. Shida ni kwamba wanataka karatasi, na mkulima hana salary slip! Nilienda kwa mtendaji wa kata akaniandikia barua ya kipato na mali za familia, wakili akagonga kiapo, ikatafsiriwa Kiitaliano, ikapelekwa ubalozi wa Italia Dar kuhalalishwa. Kuna jamaa mmoja wakala alinila milioni moja na nusu kwa kunijazia fomu ya kujiandikisha mtandaoni ambayo kumbe ni bure na nusu saa inaisha. Hiyo hela ingelipa tafsiri zote na chenji ikabaki.

Ukifika, ndani ya siku 8 za kazi uwe umepeleka maombi ya kibali cha kuishi, unaanzia posta, usichelewe.

Haya, lugha. Lekcha ni Kiingereza, vitabu Kiingereza, mitihani Kiingereza, na mingi ni ya mdomo, unakaa mbele ya profesa anakupa mfupa anasema elezea, alama ni kati ya 30, kufaulu 18, na kuna watu wanakataa 24 yao wanarudi tena kutafuta 28 (mimi 24 nilikuwa nachukua naondoka mbio). Ila mgonjwa hajui Kiingereza. Mwaka wa 3 niko wodini na Kiitaliano changu cha sokoni, bibi mmoja kaketi kitandani ananiambia "mi sento mancare", mi najua mancare ni kukosa, kupungukiwa, basi nikadhani kapoteza kitu, nikaanza kumtafutia miwani mpaka chini ya kitanda. Kumbe anasema anajisikia kuzimia! Nilipoinuka macho yameshageuka, nesi akaja mbio akamlaza akanyanyua miguu, bibi akarudi salama, ila nesi aliniangalia vile mama anavyokuangalia ukimwaga maziwa. Usiku ule ndo nilianza kusoma Kiitaliano kwa adabu, na nilikuwa nimeshachelewa miaka miwili. Kwahiyo wewe anza kabla hujapanda ndege, na ukitaka kubaki kusomea udaktari bingwa, mtihani wake ni Kiitaliano kitupu.

Kurudi bongo inawezekana, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanatambua cheti halafu unapitia Baraza la Madaktari kwa ajili ya internship (mafunzo ya vitendo hospitalini), utakaa benchi moja na waliomaliza vyuo vya Muhimbili na Bugando wakakucheka hujui kutibu malaria, vumilia, wiki mbili tatu unakaa sawa.

Umeuliza pia koti la baridi. Usinunue jipya Kariakoo, nenda Karume kwenye mitumba, hata hivyo lilitoka hukuhuku Ulaya.