Nilivyoachwa na Basi la DMZ kwa Ujuaji Wangu

Juzi msomaji anayejiandaa kwenda Korea Kusini aliniuliza kama ziara ya DMZ, ule ukanda wa mpaka unaotenganisha Korea Kusini na Kaskazini, inataka pasipoti yenyewe au picha ya kwenye simu inatosha. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Jibu la swali hilo lilinigharimu siku nzima.

Mara ya kwanza nilijiona mjanja. Pasipoti niliifungia hotelini Seoul isije ikaibwa, nikabeba picha yake. Tulipofika Imjingak, bustani ya kumbukumbu karibu na mpaka, kiongozi wa ziara akaanza kukusanya pasipoti akate tiketi za kuingia eneo la jeshi. Nikamwonyesha simu. "Bila pasipoti huendi," akasema mbele ya basi zima, nisubiri hapohapo. Abiria waliniangalia kana kwamba nimevunja mkataba wa kusitisha Vita vya Korea wa 1953. Sheria ni sheria, nakubali. Ile sauti yake ndiyo sijaisamehe.

Nikabaki hapo kwa muda wa saa tatu. Pale kuna kichwa cha treni ya mvuke kilichotobolewatobolewa na risasi za vita, kutu tupu, na uzio uliojaa riboni za wanaoomba Korea ziungane. Nikamwona mzee akiinama kuelekea kaskazini, mbele ya madhabahu ya walioacha kwao upande wa pili. Yeye kakosa kwao, mimi nimekosa basi. Hasira ikapungua. Haikuisha.

Niliporudi wiki iliyofuata, pasipoti nililala nayo. Askari alipopanda basini kukagua, nilimnyooshea kabla hajaiomba. Handaki la Tatu, lililochimbwa na Kaskazini kwa siri kupita chini ya mpaka na kugunduliwa 1978, liko mita 73 chini ya ardhi. Kushuka mteremko ni raha. Kupanda ndiko kulinikumbusha umri wangu. Dari ni fupi, na kofia ngumu niliyokuwa nimeidharau iligonga mwamba mara nne. Kuta zilipakwa weusi ili Kaskazini waseme ni mgodi wa makaa ya mawe, ilhali mwamba wenyewe ni graniti!

Basi, ndugu zangu, pasipoti. Viatu vya kutembelea pia, na kamera ikae chini mpaka uruhusiwe. Msichanganye ziara hii na ya Panmunjom, kijiji cha mpakani chenye vile vibanda vya buluu vya mazungumzo ya pande mbili. Huko ni ziara nyingine, na hufungwa ghafla, kama ilivyokuwa Julai 2023 askari wa Marekani alipokimbilia Kaskazini katikati ya watalii. Uliza kabla ya kulipa. Tuna tabia ya kudhani tukishalipa kila mlango utafunguka, tukiambiwa hapana tunanuna. Mpakani pale majeshi mawili yanatazamana kwa miaka 70 na zaidi. Nani akubembeleze wewe mtalii?

Narudi kwako uliyeniuliza. Picha haitoshi. Ukifika hotelini, sefuni weka chochote kingine. Na pasipoti, isome tena usiku kabla ya kulala: mimi mara ya pili nusura nibebe ile iliyokwisha muda.