Canada haigawi ardhi: baba mdogo, shamba la bondeni lisiuzwe

Baba mdogo, shikamoo. Na nyie wengine wa kundi la ukoo, habari za Makete.

Nimeisikiliza ile sauti mliyorushiana wiki nzima, ya yule bwana anayesema Canada inampa kila anayefika ekari 160 kwa ada ya dola 10, na kwamba ana mawakala Mbeya na Makambako wanaoandikisha watu. Nimesikia pia kuwa shamba la bondeni limeshapata mnunuzi, ili mdogo wangu alipiwe milioni 15 za safari. Na yupo aliyeandika kwamba mimi nimekaa kimya kwa sababu nimeshajichukulia zangu, sasa nawabania wenzangu. Nianze na huyo.

Sina ardhi Canada hata ya kuotesha mchicha. Ninapolala ni pa mzee ninayemfanyia kazi, gari ninaloendesha ni lake, na kibali changu cha kazi kimeandikwa jina la shamba lake. Nikigombana naye leo, kesho siwezi kuvuka barabara nikaomba kazi kwa jirani mpaka nipate kibali kingine. Na hapa Saskatchewan, jimbo la Canada ninakofanya kazi, sheria inasema wazi: kama si raia wala mkazi wa kudumu, ardhi ya kilimo usimiliki zaidi ya ekari 10. Kumi tu, tena za kununua.

Hata hivyo yule bwana hakuzitunga ekari zake. Zilikuwepo kweli. Ni sheria ya mwaka 1872: unalipa dola 10, unapewa ekari 160 za nyika, unajenga, unalima, unaishi hapo angalau nusu ya kila mwaka kwa miaka 3, ndipo unapewa hati. Mpango huo huku kwenye nyika ulifungwa mwaka 1930. Mnauziwa kitu kilichokwisha kabla babu hajaoa, na mnataka kukilipia kwa shamba alilolivunja babu huyohuyo!

Mzee ninayemfanyia kazi ni mjukuu wa mmoja wa waliopewa. Babu yake alitoka Galicia, upande ambao leo ni Ukraine, mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakati serikali ya Canada ilipokuwa ikitafuta wakulima wa kujaza nyika. Habari zao nimezisoma. Mwaka 1980 jimbo hili lilipotimiza miaka 75, vijiji vingi viliandika vitabu vyao vya historia, ukoo kwa ukoo. Cha hapa ni kizito, kinakaa jikoni kwa mzee, na wakati wa baridi hakuna pa kwenda, kwa hiyo nimekisoma chote.

Ukoo wao una kurasa mbili. Walifika mume, mke na watoto. Msimu wa kwanza walilala kwenye shimo lililochimbwa nusu ardhini na kuezekwa kwa mabonge ya udongo yenye nyasi. Mvua ikinyesha nje siku 1, ndani inavuja siku 2. Maksai hawakuwa nao. Baba alienda kufanya kibarua kwenye reli miezi na miezi ili apate hela ya ng'ombe na plau, na mama akabaki peke yake nyikani na watoto, akichimba bustani kwa jembe la mkono na kusiriba kuta kwa udongo na mavi ya ng'ombe wa kuazima. Bibi yetu angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Ila ukitaka kujua dunia ilivyo, mama huyo kwa jina lake asingepewa hata ekari moja. Mwanamke hakuandikishwa, labda awe mjane mwenye watoto wa kulea.

Kilichonishika zaidi ni ukurasa wa pili. Humo hakuna sana habari za ngano. Ni vikao. Walikutana nyumbani kwa babu wa mzee kuanzisha shule, kila mtu alete magogo yake. Wakajenga kanisa. Wakafunga simu kwa kutumia waya za uzio. Mwaka 1924, wakulima wa jimbo zima walipounda ushirika wao wa kuuza ngano, naye alijiandikisha, wakaacha kupangiwa bei na wenye maghala. Halmashauri moja ya vijijini jimboni humu ilianza mapema kabisa, mwaka 1915, kuajiri daktari wake kwa kodi ya wakulima, na wengine wakaiga, hadi mwaka 1962 jimbo zima likawa na bima ya kulipia madaktari. Mimi niliposagwa kidole na mlango wa zizi nilishonwa nikarudi kazini, sikudaiwa senti. Hiyo ni kazi ya watu waliokaa kwenye mashimo wakabishana ajenda usiku. Kwenu huko mkiitwa kikao cha maji ya bomba mnatuma udhuru.

Lakini msiwafanye malaika. Karibu wanne kati ya kila kumi waliojiandikisha nyikani hawakupata hati kamwe. Walishindwa na baridi, deni na upweke, na hao hawana kurasa kwenye kitabu. Wala ardhi haikuwa haina wenyewe. Ilikuwa ya Wacree, wenyeji wa asili wa nyika hii, na wenzao. Mkataba wao wa mwaka 1876 uliwaachia maili 1 ya mraba kwa familia ya watu 5, yaani ekari 128 kwa kichwa, na sheria ya mwaka huohuo ikawakataza kujiandikishia zile 160 kama wageni. Na sisi weusi? Walikuja wachache kutoka Oklahoma, Marekani, wakalima karibu na mji wa Maidstone jimboni humu, na kanisa lao la magogo bado liko. Wazungu wakapiga kelele, na Agosti 1911 serikali ikapitisha amri ya kutuzuia kuingia nchini kwa mwaka mzima. Ilifutwa kabla haijatumika, lakini muelewe: ardhi ilipokuwa ya bure, haikuwa kwa ajili yetu.

Sasa kazi. Mnasema kazi ya majuu ni kubeba boksi. Ningepata boksi ningelibeba kwa furaha, boksi halipigi teke. Mwezi wa tatu ng'ombe wanazaa, na wanapenda kuzaa saa nane za usiku. Unatoka na tochi, unakuta ndama ametoka miguu miwili tu, unafunga kamba juu ya kwato zake, unavuta kila mama anaposukuma, glavu zimelowa, na ukizivua kwa dakika chache tu vidole vinakuwa vyeupe. Ndama akitoka hupumziki. Unamkausha kwa gunia na kumkimbiza kwenye banda lenye hita, kwa sababu masikio yake yakiganda ncha zitakatika. Asubuhi nashika shoka kuvunja barafu kwenye hori la maji.

Msianze kuniambia nyie wa Makete mmezoea baridi. Baridi yenu ya Juni ni umande ulioganda kwenye viazi, jua likitoka mnavua makoti. Hapa ni nyuzi 35 chini ya sifuri, siku nyingine 40, na gari lisipolala limechomekwa kwenye umeme asubuhi haliwaki. Jua linatoka vizuri tu, linakuangalia unavyoganda.

Mzee si mtu mbaya. Analipa kwa wakati, haniiti majina. Vuli kijiji kinapofanya chakula cha pamoja ukumbini naitwa pia, navaa aproni, naosha vyombo na kina mama wa miaka themanini wanaonibishia jinsi ya kupanga sahani. Shule yao imefungwa, maghala marefu ya nafaka kando ya reli yamebomolewa, watoto wa mzee wote wako mjini Calgary hawataki kusikia ng'ombe. Juzijuzi kanikaribisha kwenye kikosi cha kujitolea cha zimamoto, kwa kuwa vijana wameisha. Nimekubali. Kwa hiyo nachangia vijiji viwili. Hapa natoa mikono, huko natoa hela ya msiba, ya harusi, ya bati za zahanati, na bado mnasema nimewasahau.

Na kinachonikaa kooni ni hiki, baba mdogo. Nafuga ng'ombe wa mtu kwenye ardhi ya babu yake, wakati ardhi ya babu yangu analima mama kwa vibarua. Marehemu babu alilivunja lile bonde kwa kualika majirani na mitungi ya komoni, hakupewa ekari na waziri yeyote. Mimi niliondoka. Najua nilivyoondoka na najua mama alivyonyamaza siku ile. Kwa hiyo sina haki ya kumwambia mdogo wangu abaki, na bado namwambia: baki.

Au sikiliza, mdogo wangu. Kama ni lazima uje, njoo kwa njia ya kweli. Tafuta leseni ya kuendesha magari makubwa, jifunze kuchomelea, Kiingereza chako kipige msasa. Barua ya kazi nitumie niihakiki kabla hujalipa kitu chochote. Saskatchewan wakala haruhusiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi, kwa hiyo anayetaka milioni 15 zako ni tapeli, asikupotezee muda na tai yake. Ukifika nitakupokea, utalala kwangu, koti langu la zamani lipo. Usije wakati wa kiangazi ukadanganyika na kijani. Njoo Januari uone. Ila kwa kweli usije.

Kuna aliyeuliza mbona mimi sirudi kama ni pabaya hivyo. Kwa sababu nikitulia hapa makaratasi ya ukazi yanaweza kutoka, na kwa sababu ada za wadogo zako zinatoka hukuhuku. Sijasema ni pabaya. Nimesema hakuna ardhi ya bure.

Baba mdogo, huyo mnunuzi arudishiwe kishika uwanja chake wiki hii. Kama mmeshakila, nitajieni kiasi, nitakituma mwisho wa mwezi, na hicho ndicho mchango wangu wa harusi ya Desemba, nisidaiwe tena. Karatasi za shamba akae nazo mama. Hela ya mbegu za viazi imetoka leo kwa simu ya mama, si kwa simu ya mtu mwingine yeyote, na Jumapili baada ya ibada nitapiga niulize zimenunuliwa magunia mangapi.