Harusi Ikipita, Kilo Hurudi

Maswali ya wasomaji kuhusu uzito. Anayejibu ni afisa wa lishe mstaafu, Langoni, Lamu.

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Maweni hapa Malindi. Nina miaka 41 na watoto watatu. Tangu nizae kitinda mimba nimekuwa mtu wa kujinyima. Kila harusi ya jamaa ikikaribia nakata wali, nakata mahamri, usiku ni maji ya ndimu na kipande cha tikiti. Mwaka juzi nilinunua poda ya kukoroga badala ya chakula, ghali sana, nikapungua kilo 11 kwa miezi miwili na kila mtu akanisifu. Ilipofika Idi zilikuwa zimerudi zote na nyongeza. Sasa nina kilo 96, na zahanati wameniambia presha imeanza kupanda. Mume wangu asema sina msimamo, na mimi mwenyewe nimeanza kuamini kuwa ni ulafi. Niambie Bi, ni dayati gani ambayo haitaniangusha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo neno ulafi, maana limenikera kuliko yote uliyoandika. Mlafi hawezi kushinda miezi miwili kwa poda ya kukoroga, mchana yuko kwenye cherehani na jioni anawapikia wenziwe wali wa nazi asiouonja. Msimamo unao, tena mwingi. Umekuwa ukiutumia kupigana na mwili wako, na mwili katika vita hivyo hauchoki.

Mwaka 1944, vita vikuu vya pili vikiendelea, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kuwachunguza vijana 36 waliojitolea. Walichaguliwa kwa sababu walikuwa wazima wa mwili na akili. Kwa miezi sita walipunguziwa chakula hadi kalori kama 1,570 kwa siku, na kuna dayati nyingi leo zinazompa mtu chini ya hapo. Vijana wale wakawa hawawazi kingine ila chakula. Walisoma vitabu vya mapishi, walilamba sahani, walihisi baridi wakati wengine wanatokwa jasho, hasira zikawa karibu. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka wakaumwa na bado wakasema njaa haijaisha. Mafuta ya mwili yakarudi upesi kuliko misuli. Sasa zikumbuke zile siku baada ya harusi, ulivyokuwa unarudi jikoni kila saa. Hapo ulikuwa na njaa ya kweli, mwanangu.

Siku hizi tunajua njaa hiyo inatoka wapi. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayouarifu ubongo kuwa akiba ipo. Mtu akipungua, leptini inashuka, na grelini, homoni ya njaa itokayo tumboni, inapanda. Watafiti wa Melbourne, Australia, waliwapa watu 50 wenye unene chakula kidogo sana kwa wiki 10, kisha wakawafuatilia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: mwaka mzima baada ya kupungua, homoni zao zilikuwa bado zinaita chakula, na wenyewe walisema wanasikia njaa kuliko kabla hawajaanza. Na si njaa peke yake. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha habari za watu 14 waliowahi kushiriki mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito huko Marekani. Miaka sita baada ya mashindano, kwa wastani walikuwa wamerudisha kilo 41 kati ya 58 walizopunguza, na miili yao ilikuwa inachoma kalori kama 500 kwa siku pungufu ya iliyotarajiwa kwa watu wa uzito wao. Mwili uliopitishwa njaa kali hubana matumizi, hata chakula kikirudi.

Tena zile kilo za mwanzo zilizokufurahisha, sehemu yake yalikuwa maji. Akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli hushikana na maji, kila gramu moja ya akiba na gramu kama tatu za maji. Ukikata wali na mahamri, akiba inatumika na maji yanatoka, mizani inashuka ndani ya wiki na muuza poda anaonekana hodari. Sahani mbili za biriani zikirudisha akiba, maji nayo hurudi, nawe unajilaumu kwa kitu ambacho hata mafuta si mafuta.

Kwa hiyo dayati sikupi. Nakupa kipimo cha kuchagulia jambo lolote unalotaka kubadilisha: je, nitaweza kulifanya Ramadhani ijayo, wageni wakija kutoka Mombasa, na usiku wa mabiwi ya nguo za Idi? Kama huwezi, usilianze.

Lengo lenyewe nalo tulishushe. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini hawajafikia kisukari. Kundi moja liliambiwa lipunguze asilimia 7 tu ya uzito na litembee dakika 150 kwa wiki. Kwa wastani walipungua kilo 5.6. Unaweza kusema ni kidogo, hakuna atakayekusifu harusini. Lakini hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, na kwa kundi lililopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, ilishuka kwa asilimia 31. Kwako wewe asilimia 7 ni kama kilo sita na nusu. Ukizipunguza kwa mwaka mzima, taratibu, kuna uwezekano mkubwa presha nayo ikashuka kidogo. Hizo ndizo kilo ninazozitaka kwako, na nazitaka zikae.

Tuanze na asubuhi. Mahamri na mbaazi usiache. Mbaazi ni chakula bora, zina protini na nyuzinyuzi, zinakushikilia mpaka adhuhuri. Kinachozidi ni mahamri yaliyokandwa kwa tui na kuzama kwenye mafuta. Kama ulikuwa unakula manne, kula mawili na uongeze mbaazi, zilizopikwa kwa tui la pili, tui zito likitiwa kidogo tu mwishoni. Usiiruke chai ya asubuhi ukidhani unapunguza. Nimewaona wengi kliniki, wanawake hasa, wanaoshinda na kikombe kimoja hadi saa tisa, kisha jioni wanakula cha siku nzima kwa mkupuo.

Chai yenyewe sasa. Fundi anakunywa vikombe vingapi kwa siku, vinne? Vijiko vitatu kila kikombe ni vijiko 12 vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri zaidi sukari ya kuongezwa isizidi kama vijiko sita vya chai kwa siku. Usikate yote leo. Ondoa nusu kijiko, ulimi uzoee, uondoe nusu nyingine. Iliki na tangawizi zitakusaidia. Soda ya chupa ndogo ina sukari ya vijiko kama vinane, na hiyo mimi nasema iondoke dukani kabisa, mteja akikuagizia umwombe maji.

Wali wa mchana uwepo. Ila uwe robo ya sahani, robo nyingine samaki, nusu mchicha au mboga yoyote ya majani. Malindi mna bahati ya samaki: changu, tafi, hata vidagaa ambavyo bei yake haiumizi. Protini hulinda misuli wakati unapungua, na misuli ndiyo inayochoma chakula hata ukiwa umelala. Samaki mchome au mtie kwenye mchuzi, kukaanga kuwe kwa nadra. Na kwa presha yako, chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyo ndani ya achari, ng'onda na vile vidonge vya kuungia mchuzi.

Kazi yako ni ya kukaa, hilo linanitia wasiwasi zaidi ya biriani. Kila ukimaliza nguo moja, simama. Inuka kitini bila kushika meza, mara kumi. Likifika jora la kitambaa, libebe mwenyewe. Na baada ya alasiri, siku tano kwa wiki, funga duka nusu saa uteremke baharini, ufuate ufuo kuelekea Nguzo ya Vasco da Gama, mwendo wa kukutoa pumzi kidogo lakini bado unaweza kuzungumza. Nenda na jirani. Mwanamke akitoka peke yake huacha upesi, wakiwa wawili mmoja humvuta mwenziwe.

Na usingizi. Najua kabla ya Idi mafundi hamlali. Usiku wa kukesha huongeza hamu ya kula, hasa vitu vitamu, na ndipo chai na kaimati zinapokuja mezani. Chukua kazi chache zaidi msimu ujao, au ufunge kupokea oda mapema. Mume wako hapo ndipo msaada wake unapotakiwa, kuliko maneno ya msimamo.

Mizani iache, ipande mara moja kwa mwezi inatosha. Una futi yako ya kupimia wateja, jipime kiuno nayo. Kwa mwanamke, hatari huanza kuongezeka kiuno kikifika sentimita 80, na kikivuka 88, yaani karibu inchi 35, hatari imekuwa kubwa. Andika kiuno, andika presha, kwenye daftari lile lile la vipimo vya nguo. Na zahanati urudi: kama daktari atakupa dawa ya presha, inywe, usingoje kupungua kwanza.

SWALI: Bi, tumbo limenitoka tangu niache tanga na kushika boti ya injini. Rafiki zangu wanasema nikifunga Jumatatu na Alhamisi litaondoka. Ni kweli? Nahodha, Lamu.

JIBU: Saumu ya sunna ni ibada, nia yake isichanganywe na kiuno. Kwa upande wa uzito, watafiti waliolinganisha kufunga kwa vipindi na kupunguza chakula kidogo kila siku wamekuta matokeo yanakaribiana sana. Kinachoamua ni futari. Ukifungua kwa tende na maji, kisha samaki na viazi vya nazi vya kiasi, utapungua. Ukifungua kwa sambusa, tambi za sukari na kaimati, siku ya saumu itakuongezea. Kama unatumia dawa za kisukari, muone daktari kabla ya kufunga. Na ukiwa na shughuli Shela, siku bahari imekupwa nenda kwa miguu ukipita ufuoni. Umekaa botini vya kutosha.

SWALI: Nina kilo 58, urefu sentimita 160. Harusi yangu ni baada ya miezi mitatu. Kuna mtu anauza sindano ya kupunguza unene kwa simu. Nichukue? Binti, Mkomani.

JIBU: Usichukue. Kwa urefu huo uzito wako ni wa kawaida kabisa, kipimo chako cha uzito kwa urefu (BMI) ni karibu 22.7 na kawaida ni 18.5 hadi 24.9. Dawa za sindano kama semaglutaidi ni za watu wenye ugonjwa wa unene, chini ya uangalizi wa daktari. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lenye watu karibu 2,000, zilipunguza uzito kwa asilimia kama 15 kwa wiki 68, na waliofuatiliwa baada ya kuacha walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka. Hazifai kwa mjamzito wala kwa anayetarajia kushika mimba hivi karibuni, nawe unaolewa. Tena dawa hizo huhifadhiwa kwenye baridi, na huyo wa kwenye simu hujui amezitoa wapi wala zimekaa juani muda gani. Pesa usimtumie.