Ateri imeziba asilimia 40 tu: dawa ni ya nini?

Swali: Daktari, baba yangu ana umri wa miaka 61 na anaishi Kisumu. Angiogramu, yaani picha ya mishipa ya moyo, ilionyesha kwamba ateri moja ya moyo imepungua upana kwa asilimia 40. Hakuwekewa stenti, kijibomba cha wavu cha kuushikilia mshipa ukae wazi, bali aliandikiwa atorvastatini, dawa ya kundi la statini zinazoshusha lehemu (kolesteroli), ya kumeza kila siku. Anauliza: ikiwa damu bado inapita, dawa ni ya nini, na je, itayeyusha mafuta yaliyoubana mshipa?

Jibu: Msalimie mzee, na tafadhali mwombe asiache dawa. Swali lake limewashughulisha watafiti wa moyo kwa miongo mingi, na walichogundua ni kwamba mara nyingi mshtuko wa moyo hutokana na plaki, yaani uvimbe wa mafuta katika ukuta wa mshipa, ambao haukuwa umeubana mshipa sana, ila ulipasuka.

Plaki haigandi juu ya ukuta wa mshipa kama kutu ndani ya bomba, bali hukua ndani ya ukuta wenyewe. Chembe za LDL zinazobeba lehemu hupenya humo, seli za kinga huzimeza hadi zikajaa mafuta, na seli hizo zinapokufa huacha kiini laini kinachofunikwa na utando wa kolajeni, protini ngumu ya nyuzinyuzi. Seli za kinga zilizochokozwa hutoa vimeng'enya vinavyoula utando huo; ukishakuwa mwembamba hupasuka, damu hukutana na kiini na kuganda, na ateri iliyokuwa ikipitisha damu vizuri inaweza kuziba kabisa kwa dakika chache.

Zaidi ya hayo, angiogramu huonyesha njia ya damu, si ukuta. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba ateri ya moyo hutanuka kadiri plaki inavyokua, hata njia ya damu isianze kupungua mpaka plaki iwe imechukua takriban asilimia 40 ya nafasi iliyo ndani ya ateri. Kwa hiyo ugonjwa wa mzee ni mkubwa kuliko picha inavyodokeza.

Je, dawa itaiyeyusha plaki? Kidogo sana. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa waliotumia statini pamoja na evolokumabu, sindano inayoshusha LDL kwa nguvu, walipungukiwa na kiasi cha plaki kwa takriban pointi 1 tu ya asilimia baada ya wiki 76. Ilhali uchambuzi wa majaribio mengi ya statini unaonyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, hatari ya matukio makubwa ya moyo na mishipa, kiharusi kikiwemo, hupungua kwa karibu asilimia 22. Faida hiyo haielezeki kwa ukubwa wa plaki peke yake. Dawa huituliza: mafuta ya kiini hupungua na utando huwa mnene. Stenti hufungua sehemu moja tu. Jaribio la COURAGE la mwaka 2007 lilionyesha kwamba kwa wagonjwa wasio na dharura, kuongeza stenti juu ya dawa hakukupunguza vifo wala mishtuko ya moyo.

Presha nayo ipimwe, kwa kuwa huumiza ukuta huo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 kuhusu Waluo waliohamia Nairobi kutoka magharibi mwa Kenya ulionyesha presha ikipanda mapema baada ya kuhama, pamoja na uzito na sodiamu katika mkojo. Chumvi ya mezani basi ipunguzwe.

LDL ipimwe tena wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza dawa. Misuli ikimuuma, amwone daktari kabla ya kuacha kumeza. Na akipata maumivu ya kifua yasiyoisha kwa dakika chache, hasa yakienda mkononi au tayani, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama picha ya mwisho ilisema hali si mbaya.